Nilimtengeneza mdogo wangu kwenye game, mama akampa salamu

Wakuu, poleni na majukumu. Hii imenikuta mwenyewe hapa Birmingham, sitii chumvi hata punje.

Mimi ni mgonjwa wa graphics za game. Nina console za kila kizazi, zimejaa sebuleni kwangu Kingstanding hadi mgeni anakosa pa kuweka kikombe.

Nikinunua mpya, kwanza namtengeneza mdogo wangu Salim awe mchezaji wa mpira. Mchezo huo tuliuanza utotoni, Tanga.

Kwenye ile ya kwanza uso wake ulikuwa kama boksi la viatu. Iliyofuata akapata pua. Ya tatu akaanza kutoka jasho.

Hii ya sasa unaweka picha halisi. Nikaweka yake ya mwisho.

Wakuu, alitoka Salim. Vinyweleo, kidevu, lile tabasamu la upande mmoja. Usipobonyeza kitu anasimama tu, anapumua, anapepesa macho, anakutazama. Nikasogeza kiti nyuma.

Maana Salim alishafariki. Ajali ya barabarani, miezi mitano nyuma.

Na mama, aliyekuja kupumzika kwangu kabla ya ajali, hakujua. Presha ilikuwa inamsumbua, ndugu tukakubaliana asiambiwe mpaka apate nafuu. Tukamwambia Salim yuko mgodini, mtandao shida. (Uongo wa hivi ukishauanza, kila wiki unadai mwingine.)

Jioni moja ya baridi nikaenda jikoni kuchemsha chai, game nikaiacha wazi. TV hiyo hiyo ndiyo tunayopigia video call za nyumbani kila Jumapili.

Nikasikia mama anasema, "Assalamu alaykum, Salim."

Nikakimbilia mlangoni. Akarudia mara ya pili, na ya tatu, sauti ikishuka. Yule wa kwenye TV anapumua, anatabasamu, anamwangalia usoni.

Mama hakugeuka. "Salim wangu hawezi kusikia salamu yangu akanyamaza," akasema. "Amekufa lini?"

Nikakaa chini nikamwambia yote. Hakupiga kelele. Alinilaumu kwa kimoja tu: miezi mitano amekuwa akimwombea mwanawe arudi salama, wakati alitakiwa amwombee rehema. Nililia, wakuu, siwaongopei.

Msimfiche mzazi msiba. Mnamnyima marehemu dua ya mama yake.

Nilitaka kumfuta kwenye game, mama akakataa. Ninyi mngemfuta? Semeni, nasoma comments zote.

Sasa hivi mama kapita sebuleni. Amempa salamu, akasubiri kidogo, kisha akaiitikia mwenyewe kwa niaba yake.