Picha Mbili za Mgongo

Klaudia wa Muleba alikuwa mwanamke asiyejua kukaa. Kibanja chake kilikuwa safi, migomba imepunguziwa majani, mibuni imepogolewa. Mumewe, Rutaihwa, alipomtafuta mchana, alisikiliza tu panga linalia upande gani.

Msimu mmoja wa kuchuma kahawa, kiuno kikamkamata. Alidhani ni uchovu. Alipaka dawa, akakandwa kwa maji ya moto. Kikaachia, kisha kikarudi. Miezi ikapita, akafika mahali hawezi kujigeuza kitandani bila kusaidiwa. Ndipo mwanawe Avit akampeleka Mwanza kupigwa MRI, ule mtambo unaogonga kama fundi bati na kutoa picha za ndani ya mgongo.

Majibu yaliandikwa kwa Kiingereza. Avit aliyasoma neno kwa neno, na alipofika kwenye habari za diski, zile pedi laini zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo, akasita.

"Wanasema zimeharibika, mae," alimwambia mama yake. "Mbili zimetokeza."

Tangu siku hiyo Klaudia alitembea kama aliyebeba mayai. Jembe aliliacha, ndoo aliiacha, akauona mgongo wake kama mti ulioliwa na mchwa, unaongoja upepo tu. Kadiri alivyolala ndivyo kiuno kilivyozidi kuuma, na kadiri kilivyouma ndivyo alivyoiamini picha.

Aliyemtoa kitandani ni dada yake mkubwa, Jovina, muuza vitenge wa Kashai, mjini Bukoba.

"Twende Bukoba ukamwone daktari wangu," alisema. "Na mimi nilipigwa picha hizo nilipoanguka na bodaboda. Ninazo."

Daktari Mwesiga hakuanza na picha. Alimuuliza Klaudia kama anapata homa, kama amepungua mwili, kama haja ndogo inamtoka bila kujua. Alimgonga magoti kwa nyundo ya mpira, akamtembeza kwa visigino. Baada ya hapo ndipo akaipachika picha kwenye taa ya ukutani.

"Mama, kipimo hiki kimetuambia mambo makubwa. Huna TB ya mgongo. Huna uvimbe. Hakuna pingili iliyovunjika, na mishipa ya fahamu haijabanwa."

"Na diski zilizooza?"

"Hazijaoza. Zimechakaa, kama uso unavyoota mikunjo. Wengi wa umri wako wasioumwa kabisa tukiwapiga picha tunakuta hivihivi. Picha inaonyesha umbo, mama. Maumivu haiyaonyeshi."

Klaudia aliona daktari anambembeleza tu. Jovina akatoa picha yake kwenye mfuko, akamwomba daktari aiweke kando ya ile ya kwanza. Hata asiyesoma udaktari angeona: diski za Jovina zilikuwa nyeusi zaidi kwa kuchakaa, zimebonyea, na moja imetokeza kuliko zote za Klaudia.

"Na kiuno chako je?" Klaudia alimuuliza dada yake.

"Kimya. Jana nimebeba robota la vitenge kutoka stendi."

Klaudia alizitazama picha zile mbili, moja baada ya nyingine. Kisha akamgeukia daktari.

"Kwa hiyo maumivu yangu ni ya uongo?"

"Ni ya kweli kabisa. Ila misuli imelegea kwa kulala, na mwili umejifunza kuogopa kila ukiinama. Hilo linarekebishika. Miguu ikifa ganzi au ikikosa nguvu, au haja ikikushinda, uje mara moja. Vinginevyo, tembea."

Alifundishwa mazoezi, akayafanya sebuleni huku akikunja uso. Asubuhi moja, akifagia uwanja, kiuno kilimbana tena, na hofu yote ikamrudia. Rutaihwa akakimbilia kutandika kitanda.

"Acha," alisema Klaudia, ameshika ukuta. "Nitembee kwanza."

Alitembea hadi kanisani na kurudi, polepole, akisimama kila alipohitaji. Jioni maumivu yalikuwa yamepungua. Hakuna aliyemwambia yatapungua; alijionea mwenyewe.

Kiuno hakijapona chote. Misa ikiwa ndefu humsumbua, na siku za baridi huamka kikiwa kigumu. Lakini mvua zilipoanza alipanda maharage kwa mkono wake, mstari mmoja, akapumzika, akaingia mwingine. Avit alipopiga simu kuuliza mgongo wa mama unaendeleaje, baba yake alimjibu kwamba mama yuko kibanjani, apige tena jioni.