Anayenyamaza Amekubali

Katika vikao vya mtandaoni vya waunda blokcheni, daftari la kidijitali linalotunzwa na kompyuta za wanachama wote, hakuna kura, anayenyamaza amekubali. Mwanamke mmoja, mkaguzi wa programu, huacha kipaza sauti wazi makusudi, wamsikie akigonga meza kwa kucha, asihesabiwe kuwa amenyamaza. Siku ile walijadili badiliko ambalo kompyuta ndogo kama yake zisingelimudu.

"Kuna anayepinga?" msimamizi aliuliza.

"Mimi. Nimepinga hadi koo limekauka."

"Tumekusikia, dada. Basi tumekubaliana."

Mumewe, aliyeketi kando yake, akamnong'oneza, "Mwenye nguvu mpishe, mama watoto."

"Nguvu gani? Mtandao ni mashine zetu."

Toleo jipya la programu lenye badiliko hilo lilipotoka, wenye mashine ndogo walikataa kulipakia, na mtandao ukapasuka vipande viwili. Msimamizi akaitisha kikao, akawasihi walipokee.

"Kuna anayepinga?"

Hakuna aliyejibu. Zilisikika kucha za mkaguzi tu, zikigonga meza.