Watu Sita, Ubavu wa Kushoto

Juzi nilikaa kwenye benchi la zahanati moja karibu na kambi ya polisi huku Nsambya, mgongo ukiniuma, nimechoka hata kusoma mabango ya ukutani. Mbele yangu nesi alikuwa akimshauri mke wa polisi, mwenye mimba ya miezi minane.

"Mama, usilale chali. Lala ubavu wa kushoto, mtoto apate hewa vizuri."

Yule mama akashusha pumzi. "Sista, sisi nalala watu sita kwa godoro moja, wote kulia. Mzee ndiye nasema 'Geuka!', halafu wote nageuka pamoja."

Benchi zima likacheka. Yeye hakucheka. Aliisukuma kadi yake mezani kwa kidole kimoja.

"Andika hapa: familia yote, kushoto. Halafu piga muhuri. Mzee hapana sikia mimi, lakini muhuri nasikia."

Nesi akaandika, akagonga muhuri.

Nimezeeka nikisubiri mihuri ya mji huu: ya kibali, ya kiwanja, hata ya ruhusa ya kuzika. Huu ndio wa kwanza kuuona ukigongwa ili mtu apumue.