Nailoni Chini ya Chuma cha Kupoozea

Mungu asifiwe, aliyeniamsha leo nikiwa mzima na kunipa kumbukumbu ya kusimulia. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika wetu, ingawa mvi zangu bado zinahesabika, na kila ninapowafundisha watoto habari za kuungama, kitu kinachonijia kwanza ni harufu. Ni harufu ya vumbi lililopata moto ndani ya kompyuta, imechanganyika na moshi wa kuni na mtori wa ndizi ulioanza kushika chini ya sufuria. Harufu hiyo niliijua katika likizo moja ya Juni, nikiwa na miaka kumi na mmoja, nyumbani kwa Bibi, juu ya Kiboriloni pale barabara inapoanza kupanda mlima. Juni kwetu ni mwezi wa ukungu. Migomba hudondosha maji hata mvua isiponyesha, mlima hujificha wiki nzima, na watu hukaa na masweta mpaka saa sita mchana. Katika baridi hiyo, kitu kimoja tu ndani ya nyumba kilikuwa kikiungua, nacho kilikuwa mashine ya baba mdogo.

Baba mdogo Eliamani alikuwa mdogo wa baba yangu. Alikuwa amejifunza ufundi Arusha, na kompyuta ile hakuinunua ikiwa nzima. Aliikusanya kipande kwa kipande: kasha la mtumba kutoka mjini Moshi, prosesa, yaani ubongo wa mashine, kwa rafiki yake, feni na chuma cha kupoozea, kile kinachonyonya joto la prosesa, vipya kabisa ndani ya boksi. Aliiunganisha juu ya meza ya sebuleni, mimi nikimshikia bisibisi na kumpa anachotaka. Hakuijenga kwa kujionyesha. Babu alikuwa amelala mauti baada ya Pasaka, na kitu pekee kilichobaki na sauti yake kilikuwa kanda moja ya kaseti. Ilirekodiwa Krismasi ya mwisho, ukoo wote ulipokuwa umepanda nyumbani. Babu aliwaombea watu wake mmoja mmoja kwa jina, akianza na Bibi na kumalizia na mtoto aliyekuwa bado mgongoni. Kanda hiyo ilikuwa imechakaa. Ikipita kwenye redio iliacha unga wa kahawia, na sauti ilizidi kufifia. Baba mdogo alitaka kuihamishia kwenye kompyuta, kisha kwenye sidii, kabla haijafa. "Tuna nafasi chache," alituambia. "Kila tukiicheza, tunaila."

Asubuhi mashine iliwaka vizuri, ikakimbia kama ndama aliyefunguliwa. Lakini haukupita muda mrefu kanda ikizunguka, ikaanza kuzubaa. Mshale kwenye kioo ulisita, feni ikapiga kelele, sauti ya Babu ikawa inaingia vipande vipande kama mtu mwenye kwikwi, kisha giza. Ikazimika yenyewe. Alipoiwasha tena, kioo kilimwonyesha joto la prosesa, naye akashika kichwa. Mashine ilikuwa inajipunguzia kasi ili isiungue, na kupunguza kulipokuwa hakutoshi, ilijizima.

Akaanza kutafuta ugonjwa. Alipuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli. Aliongeza feni ya pili. Alilaumu umeme wetu mdogo, akaazima kwa jirani stebilaiza ya kuusawazisha. Aliishusha kasi ya prosesa kwa makusudi, ikawa haipati moto upesi, lakini sauti ikaingia na mapengo. Alifungua ubavu wa kasha na kulisogeza hadi dirishani, ukungu ukaingia ndani, na bado ikazimika. Bibi alikuwa anamenya ndizi mlangoni, akimtazama.

"Eliamani, mtoto wako ana homa," alisema.

"Mama, hii si homa. Ni joto."

"Na homa ni nini? Mchemshie mwarobaini."

"Ikinywa itakufa, Mama."

"Hata sasa siioni ikiishi."

Tulicheka wote, hata baba mdogo. Lakini jioni ile hakucheka tena. Alinikuta mbele ya kompyuta nikicheza mchezo wa karata, akanifukuza. "Kumbe ndiyo maana! Unaichosha! Usiguse tena mashine yangu!" Niliona uonevu, maana nilijua ugonjwa ulianza kabla sijajifunza ule mchezo.

Kesho yake maji hayakufika kwenye kihamba chetu, yaani shamba letu la nyumbani la migomba na kahawa. Maji huja kwa mfongo, mfereji uliochimbwa na wazee kutoka mtoni huko juu, na kila nyumba ina zamu yake. Mimi nilichukua jembe nikaanza kuchimbua pale shambani palipokauka. Bibi akanizuia. "Mfongo hautibiwi mahali penye kiu," alisema. "Fuata maji. Panda mpaka uyaone, kisha shuka nayo. Pale yanapokuacha, hapo ndipo pana kitu." Tukapanda. Juu maji yalikuwa mengi, na tuliposhuka nayo tukakuta shina la mgomba limelala ndani ya mfereji, upande mmoja kumejaa, upande wa pili matope makavu. Tuliliondoa kwa mikono mitupu.

Mtoto akifundishwa jambo hulijaribu kila mahali. Mchana baba mdogo aliteremka mjini kutafuta feni nyingine, na mimi, ingawa nilikatazwa, niliwasha mashine na kulifuata joto kama tulivyofuata maji. Kioo kilisema prosesa inaungua. Niliweka kidole kwenye chuma cha kupoozea kilicholala juu yake, nikitegemea kuungua. Kilikuwa cha uvuguvugu tu. Joto lilikuwa tele chini, na juu halikufika. Basi kitu kilikuwa katikati.

Na mimi nilikijua kitu hicho.

Nyumbani kwetu kitu kipya hakivuliwi nailoni. Makochi ya Bibi yalikuwa na nailoni yake mwaka wa tatu, yakilia kila mgeni alipokaa. Rimoti ilikaa ndani ya mfuko, saa ya ukutani ilikuwa bado na karatasi yake usoni. Kuvua nailoni kulikuwa ni kukizeesha kitu. Siku ya kuiunganisha kompyuta, baba mdogo alinipa chuma cha kupoozea, akasema, "Bandua hiyo nailoni ya chini." Nilibandua pembe moja. Nikaona shaba safi inang'aa kama kikombe cha ushirika, na yeye tayari ameshika grisi nyeupe ya kupaka. Nikaona atakichafua bure. Nikairudisha ile pembe, nikailaza vizuri kwa kidole, nikampa. Nailoni ilikuwa angavu kama maji safi, hakuiona. Nilidhani nimemtunzia.

Ningesema siku hiyo hiyo, hadithi ingekuwa fupi. Lakini niliogopa. Nilijiambia ataigundua mwenyewe, na mimi nitakuwa salama. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilificha maradhi ambayo hata hayakuwa yangu. Nilikaa kimya siku mbili. Siku ya pili baba mdogo alifunga feni mpya, akaomba kwa sauti, akaiweka kanda tangu mwanzo. Nilisimama mlangoni. Babu alikohoa kama alivyokohoa siku zote, kisha pale alipopaswa kumtaja Bibi, pakawa na mvumo tu, kama upepo kwenye majani makavu. Kila jaribio lilikuwa limeanza hapo, na kila jaribio lilikuwa limekwangua hapo. Bibi aliinamisha kichwa. Mashine ikazimika.

Nilitoka mbio hadi mpakani, nikachuma jani la isale. Hilo ni jani refu la kijani ambalo Wachaga huliotesha kwenye mipaka, na kwetu ndilo jani la msamaha. Aliyekosa akilipeleka kwa aliyekosewa, huyo hawezi kulikataa. Lakini hupelekwa na watu wazima, kwa mambo mazito, na msindikizaji wa kusema kwa niaba. Mimi sikuwa na msindikizaji. Nililifunga fundo kama nilivyowahi kuona, nikaingia nalo sebuleni, nikapiga magoti.

"Nani amekutuma na isale?" Bibi aliuliza.

"Nimejituma," nikasema, kisha nikasema yote, hadi kidole nilicholazia ile pembe.

Baba mdogo hakunitazama. Alichukua bisibisi, akafungua chuma, akakigeuza. Nailoni ilikuwepo, imejikunja pembeni kama ngozi ya maziwa. Aliibandua polepole. "Siku ya kwanza ningekucheka," alisema. "Leo nitakuambia nini? Kanda imekula jina la mama yangu." Akatoka nje. Jani lilibaki mkononi mwangu, na nilijua uzito wa jani.

Bibi ndiye aliyelipokea. Alimwita mwanawe arudi, akamwekea isale kwenye kiganja, akakifunga kwa kiganja chake. "Limeshafika, Eliamani. Ulishaona wapi linarudishwa?" Akaigeukia mashine. "Na jina langu, baba yako aliniita nalo tangu naolewa hadi siku anakata roho. Hilo sikuwahi kulingoja kwenye kanda. Lakini majina ya watoto hawa wadogo, hayo sijui nitayasikia wapi. Funga mashine yako."

Baba mdogo alipaka grisi upya, akafunga. Kisha akanivuta mkono, akaniketisha kwenye kiti chake mwenyewe. "Bonyeza wewe," alisema. Kanda ilizunguka upande wa kwanza na wa pili, mashine imetulia kama ng'ombe anayecheua, na Babu akatuombea wote hadi yule wa mgongoni. Jumapili tulikula wali wa mchele wa Mabogini, kule tambarare chini ya Moshi, na Bibi akavua nailoni kwenye makochi, kochi baada ya kochi.

Zaidi ya miaka ishirini imepita. Bibi amepumzika, na baba mdogo ana mvi kunishinda. Simu yangu ina kasi kuliko mashine ile, nayo imebeba sauti za watu wengi mno. Nyingine nimezipokea zimekaa wiki nzima, sijazisikiliza hadi mwisho. Zamani tulikuwa na sauti moja, tukaizunguka kama moto wa jikoni. Sisemi zamani kulikuwa bora. Vijana wetu leo wangeokoa kanda ile kwa nusu saa, na ningemshukuru Mungu kwa ajili yao. Ninachokiri ni kwamba lile pengo la mwanzo bado lipo. Familia ikikutana Krismasi, tunaipiga rekodi hiyo, na ukifika mvumo ule hakuna anayeuruka. Tunangoja upite, na katika kungoja huko namwona Bibi amekifunga kiganja cha mwanawe.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu akujalie mdomo mwepesi wa kukiri mapema, na watu wenye viganja vya kupokea. Amina.