Vizibo Vinne vya Sakafuni

Aliyewahi kupeleka gari kwa Fundi Futi anajua kwamba salamu ya kwanza hupewa gari, si mwenye gari. Fundi huchuchumaa, huchomoa futi yake ya mbao kutoka mfuko wa nyuma wa ovaroli, huisimamisha kutoka sakafuni hadi kwenye difu, pale ambapo tumbo la gari linaning'inia chini kuliko pote. Akishasoma namba ndipo huinuka na kumsabahi mtu.

"Sentimita kumi na nane," husema kwa huruma, kama daktari anayesoma majibu ya mgonjwa. "Na barabara yako ina mawe ya ishirini. Unafikaje nyumbani, unaruka?"

Kazi yake ndiyo hiyo, kuyainua magari madogo. Malori hayataki. Anapenda vile vigari vya milango miwili vinavyovuta kwa magurudumu yote manne, vyepesi, vinavyopita mahali ambapo gari kubwa linazama kwenye tope na kubaki. Huvitia springi ndefu na matairi makubwa, kisha huvifungia mkonga, yaani bomba linalopanda pembeni mwa kioo hadi usawa wa paa, ili injini ivute hewa kavu hata maji yakifika kwenye taa. Anaifanya kazi hiyo vizuri, na anajua kwamba anaifanya vizuri. Shida yote ilianzia hapo.

Gari alilolipenda kuliko yote lilikuwa la zahanati, jeupe, na alikuwa na sababu. Binti yake, nesi, alipanda gari hilo kila Alhamisi kwenda kuchanja watoto ng'ambo ya mto. Dereva alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye mji mzima ulimwita Taratibu, kwa kuwa ndani ya maji hakuzidi mwendo wa mtu anayetembea na mzigo kichwani. Barabara ilipokatwa na mto hapakuwa na daraja, palikuwa na nguzo ya chuma tu. Fundi Futi alikuwa ameipaka mstari mwekundu kwa mkono wake mwenyewe baada ya kulipima gari lile. Maji yakiwa chini ya mstari, pita. Yakiufikia, geuza urudi nyumbani ukanywe chai.

Taratibu alikuwa na tabia moja ambayo haikumwingia fundi akilini. Akifika mtoni alishuka, akainamia sakafu ya gari na kuvitoa vile vizibo vinne vya mpira vinavyoziba matundu ya chini. Maji yaliingia hadi kwenye vifundo vya miguu. Akivuka aliyaacha yamwagike, kisha akavirudisha vizibo, akafuta mikono kwenye suruali na kuendelea na safari.

Binti ndiye aliyelalamika. Mchana mmoja alikuja gereji viatu mkononi, soksi zinachuruzika.

"Baba, kadi za watoto thelathini zimeloa. Wino wote umeyeyuka. Nitajuaje nani kachanjwa na nani bado?"

Hilo lilimchoma fundi. Gari alilolijenga yeye, na mwanawe analoa ndani yake! Siku mbili hakugusa gari jingine. Milango aliizungushia mpira mara mbili. Vizibo vinne alivigandisha kwa gundi nyeusi, ile ya kushikia vioo vya mbele, ambayo ikikauka unaikata kwa kisu au unaiacha ilivyo. Halafu akamwingiza binti ndani, akalimwagia gari maji ya bomba kila upande kwa robo saa. Halikuingia hata tone. Binti alipiga makofi kupitia kioo.

Taratibu alisimama kando, kofia mkononi.

"Shemeji, mimi nimezoea kuyaacha yaingie kidogo. Mzee aliyenifundisha udereva ndivyo alivyonifundisha."

"Kwa nini?"

"Sikumuuliza. Alikuwa mkali."

"Basi alikuwa anapenda kuosha miguu tu," fundi alisema, na gereji nzima ikacheka. "Sikiliza. Nikikuta umeving'oa, usiniite shemeji tena."

"Haya bwana. Gari lako, mto wangu," alijibu Taratibu, naye akacheka. Lakini kabla ya kuondoka alikanyaga kila kizibo kwa kisigino, kimoja kimoja.

Habari ikaenea. Ndani ya wiki mbili madereva wengine sita walileta vigari vyao wakitaka kazi ileile, na fundi akawafanyia wote, kichwa kimemvimba. Mto nao wiki hizo ulikuwa mdogo, maji hayakufika hata kwenye uvungu wa magari.

Alhamisi iliyofuata, saa nne asubuhi, alikuwa gereji akitafuta pancha. Alikuwa amechovya tyubu kwenye nusu-pipa la maji akiangalia mapovu. Kiwiko chake kiligonga rafu, na kopo la grisi, tupu lakini limefungwa kifuniko, likaangukia majini. Alilisukuma chini aone tyubu yake. Likapanda. Alilikandamiza kwa kiganja hadi chini kabisa, na alipoliachia likaruka juu kwa nguvu hata maji yakamwingia jichoni.

Ndani ya pipa, chini kabisa, kulikuwa na kopo jingine, la namna ileile, limelala pale tangu wiki iliyopita. Hilo lilikuwa wazi, halina kifuniko.

Fundi Futi alisimama mikono ikidondosha maji. Miaka yote alipima urefu, urefu, urefu tu. Uzito hakuupima hata siku moja. Gari lile hata tani moja halifiki, na alikuwa amelifunga kifuniko. Sasa alijua yule mzee mkali alitaka nini. Maji yakiingia ndani, gari linatulia chini, magurudumu yanashika mawe. Yakizuiwa, linaelea.

Alipiga simu ya binti. Haipatikani. Ya shemeji, haipatikani. Bondeni mtandao haufiki, na kama simu hazipatikani, basi wameshashuka bondeni.

Alipanda pikipiki na ovaroli lake lenye mafuta, bila kofia. Juu ya kichwa chake anga lilikuwa jeupe, lakini huko mto unakotokea kulikuwa kweusi tii. Akajiambia kwamba Taratibu si mjinga, akiona maji mengi atageuza. Aliomba maji yawe mengi. Hakuwahi kuomba kitu kama hicho maishani mwake.

Alipofika alitazama nguzo kwanza. Maji yalikuwa chini ya mstari, shubiri nzima. Taratibu alikuwa ameufuata mstari wa shemeji yake, na gari lilikuwa limeshafika katikati ya mto.

Lilikwenda vizuri, polepole, kama kawaida. Halafu sehemu ya nyuma ikainuka. Haikuinuka sana, labda vidole viwili. Magurudumu yakaendelea kuzunguka bila kushika kitu, na gari likageuka ubavu na kuanza kwenda na maji kimyakimya. Injini haikuzima. Mkonga ulivuta hewa vizuri kabisa, jinsi alivyoufunga, na mngurumo wake ulisikika hadi ukingoni.

"Vizibo!" alipiga kelele akikimbia ukingoni. "Vitoe vizibo!"

Alijua havitoki.

Kioo cha upande wa binti kikashuka. Akatoka kichwa, mabega, kisha kiuno, anasukumwa kutoka nyuma na mikono miwili. Aliangukia majini, akapinduliwa, akaibukia karibu na mizizi ya ukingo. Fundi aliingia hadi kifuani, akamtupia mshipi wa ovaroli, akamvuta. Walipogeuka, gari lilikuwa limefika kwenye kona ya miamba. Liligonga, likalala ubavu, na injini ikanyamaza.

Taratibu alipatikana kesho yake. Gari lilivutwa kwa trekta siku ya tatu, na fundi akaomba aachwe peke yake alifungue. Alifagia tope kwa viganja hadi akafika sakafuni. Kwenye kizibo cha upande wa dereva kulikuwa na bisibisi, imechomekwa pembeni, imepinda. Mpira ulikuwa umechanwachanwa kuzunguka. Gundi haikuwa imeachia.

Jioni ile walikaa watatu sebuleni, fundi, mkewe na binti. Mke alikuwa ameshika kofia ya kaka yake mapajani, ile iliyookotwa ukingoni.

"Mama," binti alisema, "mjomba alisema niwaambie maji yalikuwa mengi. Alisema mara mbili wakati ananisukuma. 'Mwambie baba yako maji yalikuwa mengi.'"

Fundi aliinamisha kichwa. Mtu yule alikuwa amebakiza pumzi chache tu, na akazitumia kumfichia aibu. Ingekuwa rahisi kunyamaza. Binti alikuwa akimtazama kama anayemwomba anyamaze.

Alichomoa bisibisi iliyopinda mfukoni, akaiweka mezani mbele ya mkewe.

"Hayakuwa mengi," alisema. "Yalikuwa chini ya mstari. Nilivigandisha vile vizibo mimi. Alinionya, nikamcheka mbele za watu. Kaka yako nimemuua mimi."

Mke aliichukua bisibisi, akaigeuza, akapitisha kidole pale ilipopinda. Hakulia wala hakumtukana. Fundi alitamani angemtukana.

"Na yale magari mengine sita?" aliuliza hatimaye.

Fundi alimtazama. Siku tatu hizo hakuwa ameyafikiria hata mara moja. Juu ya bati matone ya kwanza ya mvua yalianza kudondoka, mazito, moja moja. Alitoa simu mfukoni, akatafuta majina ya madereva, akampigia wa kwanza.

Hakupatikana.