Baiskeli ya Kumbeba Kadii

Chumba cha mwisho katika nyumba ya Bi Wafa, mtaani Kibarani, kimenyamaza. Alfajiri hakuna anayeimba kwa Kigiriama huku akipiga pasi, wala anayewajibu watu ambao hawajamuuliza kitu. Bi Wafa amekwisha kukipangisha kwa karani mmoja mpole, na bado hajamzoea. "Huyu hata akipiga chafya huomba radhi," husema. "Kadii akipiga chafya, mtaa mzima ulijua yuko hai."

Kadii ni mkataji wa vitambaa katika duka la sare za shule mjini Kilifi. Kwao ni Ganze. Kwa miaka mingi alilala Kibarani kwa ajili ya kazi, akirudi kwao kila mwisho wa mwezi. Kisha macho ya mamake yakaingia ukungu, na kaka yake aliyekuwa akimtunza mama akapata kibarua Mombasa. Mchana majirani wangeweza kumwangalia, usiku hakuna. Kuacha kazi kulimaanisha wote wawili kukosa chakula, na magari ya Ganze hayana ahadi.

Akaenda kwa mwajiri wake, Abdurahman, akamwomba amruhusu kuja kazini siku tatu kwa wiki, ili usiku alale Ganze na mamake. Abdurahman alifikiri, akakubali shingo upande.

"Lakini nikija kufungua duka nikukute mlangoni. Ukichelewa mara mbili natafuta mkataji mwingine. Si ubaya, Kadii, ni kazi."

"Utanikuta mpaka uchoke kunikuta," Kadii akajibu.

Akatoka hapo moja kwa moja hadi kwa Mwaura, fundi wa baiskeli wa Kibarani, mtu wa Murang'a ambaye baada ya miaka yote hiyo pwani bado hali samaki mwenye kichwa. Mwaura alimtolea baiskeli ya mashindano yenye tairi nyembamba.

"Hiyo ni ya kukimbia polisi."

Akamtolea nyingine yenye springi mbele.

"Na hiyo yanikumbusha kitanda changu cha kwanza."

Mwishowe Kadii mwenyewe akaiona: fremu ya kijani imening'inia ukutani, mtumba kutoka Ulaya, chuma chembamba, ndefu upande wa nyuma. Mwaura alimweleza kwamba hiyo ilitengenezwa kwa safari za mbali. Ukiwa na mzigo wa kiasi haitetereki, na mgongo haulalamiki jioni.

"Basi ni hii. Ipeleke kwa mchomeleaji, aniwekee keria ya nondo nyuma, ya mizigo."

Mwaura akajikuna shingo. "Keria ya kufunga na bolti iko. Hii paipu ni nyembamba, Kadii. Moto utaiharibu."

"Mimi ni mtu wa Ganze. Umeona baiskeli gani ya Ganze isiyo na nondo?"

Hapo alisema kweli. Huko baiskeli mpya haifiki nyumbani kabla ya kupitia kwa mchomeleaji, kwa sababu kazi yake ni maji. Hubebeshwa mitungi minne ya manjano, na mwenyewe hutembea kando yake akisukuma. Babake Kadii alikuwa na baiskeli maisha yake yote, na Kadii hakumbuki hata siku moja kumwona ameikalia.

Nondo ikachomewa. Asubuhi ya kwanza ya kutoka Ganze, kwa kuwa ilionekana aibu kuiacha tupu keria pana namna ile, Kadii akapakia gunia la makaa la kumpelekea Bi Wafa. Hakufika mbali. Katika mteremko wenye mawe akasikia mlio kama kijiti kikavu kinavunjika. Fremu ilikuwa imepasuka pale pale ilipochomewa. Akaisukuma, makaa juu, mpaka mjini. Alipofika, Abdurahman alikuwa ameshika mkasi yeye mwenyewe.

"Moja," akasema, wala hakuinua macho.

Jioni Kadii akaibwaga fremu mbele ya Mwaura.

"Usiseme kitu."

"Sijasema kitu."

"Nimekusikia."

Mwaura akainama kuangalia ufa, mabega yakimtikisika kwa kicheko alichokuwa akikizuia. Kadii akakaa juu ya tairi kuukuu.

"Nilikuagiza baiskeli ya maji," akasema hatimaye. "Maji yana punda wa jirani. Nitengenezee ya mtu."

Mwaura alipata fremu nyingine ya aina ile, ya bluu, na safari hii moto haukuikaribia. Keria ndogo ikafungwa kwa bolti. Tairi pana kwa ajili ya mchanga, giya ndogo kwa ajili ya milima, na ndani ya tyubu ute wa kuziba matundu ya miiba. Kiti alikichagua Kadii baada ya kukalia kila baiskeli iliyokuwa pale, za wateja wengine zikiwemo.

Kule Ganze wanawake waliokuwa kisimani walimcheka.

"Kadii, mbona haina hata mtungi? Yabeba nini hiyo?"

"Yanibeba mimi."

"Kwani wewe ni maji?"

"Mimi ni ghali kuliko maji!" akawapigia kengele, akapita.

Jumatano moja, mvua ilikuwa imenyesha tangu kabla ya kupambazuka. Udongo mwekundu ulinasa magurudumu. Mara kwa mara alishuka kuukwangua kwa kijiti, akijua kwamba akichelewa tena kazi imekwenda. Kwenye mlima mrefu akatia giya ndogo, akakanyaga polepole kama anayesonga ugali wa watu wengi, na hakushuka. Chuma kile chembamba kiliyumba kidogo chini yake, kikamvusha.

Abdurahman alikuja na mwavuli, akamkuta mlangoni, tope mpaka magotini, akikamua pindo la leso.

"Umelala hapa?"

"Nimelala kwa mama."

Akafungua duka. Habari ya kuhesabu haikutajwa tena.

Sikukuu zikija na kaka yake akiwa nyumbani, Kadii huendesha baiskeli yake kupitia Matsangoni mpaka Malindi, na hakuna anayemtuma. Ukimuuliza anaendea nini, hukwambia anaendea barabara yenyewe.

Kadii sasa anaishi Ganze na mamake, na hukata sare Kilifi kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.