Mkate Usio na Muhuri

Mihuri myeusi ilipoanza kutokea kwenye pakiti za vyakula, Eduvina Sanhueza aliipokea kama watu waliotumwa kuja kumsaidia. Alikuwa mama wa makamo yaliyokwisha kupita, mkazi wa Lota, mji wa makaa ya mawe ambao mgodi wake ulishafungwa. Mumewe, Rosamel, alichimba makaa chini ya bahari tangu ujanani, na sasa alikuwa na shinikizo la damu lisilosikia dawa. Miaka yote Eduvina alimpigia kelele aache supu za unga wa pakiti, naye mzee akimjibu kwamba pakiti ina picha ya karoti, sasa karoti itamuua vipi?

Siku hiyo alirudi kutoka dukani akaibwaga pakiti ya supu mezani.

"Rosamel, soma hapa."

"Miwani sijui nimeiweka wapi."

"Weusi wote huo unataka miwani?"

Ulikuwa muhuri wa pembe nane, mweusi tii, wenye maandishi meupe: SODIAMU NYINGI. Chini yake, jina la Wizara ya Afya.

"Sodiamu ndiyo mdudu gani?"

"Ndiyo iliyomo kwenye chumvi, mzee wangu. Chumvi ileile daktari anayokukataza kila ukienda."

"Na karoti?"

"Karoti wamekuchorea tu, ufurahi."

Rosamel alicheka mpaka kikohozi chake cha mgodini kikamshika. Lakini hakubisha tena, na hilo lilimshangaza mkewe. Mwenyewe alieleza jioni, akiwa anavua viatu. "Kule chini ukikuta kibao kimeandikwa usipite, hupiti. Wabishi wote tuliwazika."

Tangu hapo Rosamel akawa mkaguzi. Alitoa kabatini mchuzi wa vidonge, biskuti na soseji za pakiti. Dukani aligeuzageuza makopo hadi wateja wa nyuma wakaguna. Mlo wake ukawa maharage, viazi, samaki, soseji ya kupimiwa buchani isiyo na pakiti, na mkate wa Eduvina, uliookwa katika tanuri la matofali walilolitumia pamoja na majirani. Mkate huo aliula asubuhi, mchana, na jioni kwa chai. "Huu hauna hata muhuri mmoja," alisema akiupasua ukiwa bado unafuka moshi. "Safi kama malaika."

Eduvina alitabasamu. Mkate ulikuwa wa mama yake, na kabla yake wa bibi yake. Watu walisema ukipita mtaani kwao harufu inakushika mkono.

Kwa hiyo walipokwenda kituo cha afya na kukuta shinikizo liko palepale, tena limepanda kidogo, alimgeukia mumewe papo hapo.

"Unakula wapi kwa siri? Sema!"

"Sili popote, mama! Naapa kwa mapafu yangu."

"Mapafu yenyewe hayo!"

Yasna, binti mmoja mtaalamu wa lishe pale kituoni, aliwaacha wamalizane, kisha akauliza wanakula nini. Rosamel alitaja kila kitu kwa majivuno, na mwisho akasema, "Na mkate wa mke wangu. Usio na muhuri."

"Mama unatia chumvi kiasi gani?"

Eduvina alionyesha kwa kiganja, akakikunja kama mama yake alivyomfundisha. Alipoona uso wa binti, kiganja kikabaki hewani.

"Mama, muhuri unawekwa kwenye vyakula vilivyofungwa kiwandani," Yasna alisema taratibu. "Chakula cha tanurini kwako, au cha kupimiwa buchani, hakuna anayekipiga muhuri. Kukosa muhuri si kusema hakina chumvi. Na hata kile chenye chumvi ya wastani, mtu akikila kutwa mara tatu, inajumlishika."

"Usimguse mkate wake," Rosamel alidakia. "Mgodi mzima ulikula mkate huo."

"Mgodi mzima ulitoka jasho, baba. Wewe sasa unatoka jasho wapi?"

Mzee akatazama mikono yake.

Wakashika njia ya nyumbani. Eduvina hakumkasirikia yule binti. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa amesimama mlangoni na fimbo akimngoja mwizi, kumbe chumvi ilikuwa inapita mkononi mwake mwenyewe.

Kesho yake aliukanda unga bila chumvi kabisa. Rosamel alitafuna kipande kimoja kwa muda mrefu mno.

"Vipi?"

"Mzuri. Unafaa kuzibia ukuta."

Eduvina alicheka, kisha machozi yakamtoka, akageukia jiko asionekane. Rosamel alisimama, akamshika bega. "Irudishe chumvi kidogo, mama. Kisha uipunguze polepole, kama wanavyoshusha watu mgodini. Ukiwaachia ghafla, kamba inakatika."

Ndivyo alivyofanya. Kiganja kikawa nusu kiganja, kisha vidole vitatu. Jirani mmoja waliyetumia naye tanuri aliuonja mkate akamwuliza kama anaumwa. Eduvina alimweleza yote, habari ya mihuri na habari ya mkate, na jirani akaenda zake akitikisa kichwa. Juma lililofuata alirudi kuuliza vile vidole vitatu vya chumvi ni kwa unga kiasi gani.

Baridi ilipoisha, shinikizo la Rosamel lilikuwa limeshuka. Si sana, lakini Yasna aliridhika, na daktari hakumwongezea dawa. Soseji ya buchani mzee hakuiacha. Aliomba kipande Jumapili, naye Eduvina akamkatia yeye mwenyewe, chembamba kiasi cha kuona mwanga upande wa pili.

"Hiki ndicho kipande?"

"Ndicho. Na leo mkate utakula mmoja tu."

Rosamel alikiinua kipande dirishani, akakikagua huku na huku kama anayetafuta muhuri, kisha akakila.